Ukoka wa Uwanja wa Qurus

Mkulima wa Qurus akikuta ukoka shambani mwake hana maneno nao. Anaung'oa, anaukung'uta udongo, anautupa juu ya mawe ukauke, na kesho yake anarudi kuhakikisha umekufa kweli. Ukoka ni mjanja. Kifundo kimoja tu kikigusa ardhi yenye unyevu, baada ya mwezi umetambaa mpaka kwa jirani. Kwa hiyo siku Lukresia Tluway aliposimama kwenye mkutano wa kijiji akaomba kila kaya imletee ukoka, tena kwa magunia, watu walicheka mpaka mwenyekiti akagonga meza.

Mumewe, Josephati, alikuwa benchi la nyuma. Yeye hakucheka. Alivuta kofia ikamfunika macho.

"Mama Sabina," alimwambia walipokuwa njiani kurudi nyumbani, "baba yangu aliung'oa, babu yangu aliung'oa, na mimi mgongo umeniisha kwa kuung'oa. Leo mke wangu anataka kuupanda?"

"Nataka kuupanda."

Josephati akaisukuma kofia nyuma. "Basi anzia shamba letu," akasema. "Upo wa kutosha."

Na kweli, gunia la kwanza lilitoka kwao.

Lukresia hakukurupuka na jambo hilo. Kwa miaka kumi na tisa alikuwa gadena kwenye loji moja juu kidogo ya Karatu mjini, upande wa barabara ya kwenda lango la Ngorongoro. Aliingia pale kama mfua mashuka. Siku moja akaonekana anaotesha waridi kwenye kopo la rangi nyuma ya chumba cha kufulia, akahamishiwa bustanini chini ya mzee mmoja aliyeitwa Vedasto. Mzee Vedasto hakuwa na shule nyingi, lakini nyasi alizijua. Alimfundisha kuvua viatu na kuisoma ardhi kwa unyayo, wapi imeshikana, wapi ina shimo chini, wapi maji yatatuama. Alimfundisha kwamba nyasi haziuawi na jua peke yake. Zinauawa zaidi na mtu mwenye huruma, anayezinyunyizia maji kidogo kidogo kila jioni mpaka mizizi inakuwa mivivu. "Zipe maji mara chache," alikuwa akisema, "lakini ukizipa, zipe mpaka chini. Mzizi ukijifunza kushuka, hata usipokuwepo utaishi."

Ulipokuja ule ugonjwa wa dunia nzima na ndege zikaacha kuleta wageni, loji ilifunga milango. Wafanyakazi wote walipewa barua. Lukresia alirudi Qurus kwenye mahindi na mbaazi, na loji ilipofunguliwa tena ikachukua vijana. Hakuwa na kinyongo. Alikuwa na shamba, mume mwema, na binti yake Sabina alikuwa nesi huko Mbulu. Kilichomuuma ni kitu ambacho hakuwahi kumwambia mtu. Miaka kumi na tisa ya kujua kitu kimoja vizuri, halafu unarudi mahali ambapo kitu hicho hakihitajiki na mtu yeyote. Nani Qurus anamtaka mtu wa nyasi? Alikuwa kama fundi saa kwenye kijiji kisicho na saa.

Kisha, mwezi wa kwanza mwaka juzi, Mwalimu Felista akabisha hodi.

Mwalimu Felista alikuwa mkuu wa shule ya sekondari iliyoko ng'ambo ya korongo. Shule ile ilikuwa na timu ya mpira ya wasichana, na timu hiyo ilikuwa na golikipa aitwaye Nasieku, msichana wa Kimaasai wa kidato cha tatu, mrefu, mikono kama ya kuchumia maembe bila ngazi. Uwanja wao ulikuwa udongo mwekundu uliokanyagwa hadi ukawa kama sakafu, na mawe yamechomoza. Muhula uliopita Nasieku alijirusha kuokoa mpira, goti likachanika kwenye jiwe, kidonda kikaingia vijidudu, akalala hospitali siku kumi na sita.

"Tangu arudi hajirushi tena," alisema Mwalimu Felista. Alikuwa amekataa kiti. Alisimama mlangoni amekumbatia daftari la mahudhurio. "Anausindikiza mpira kwa macho tu. Na wenzake wakimbiaji nao wameanza kuogopa. Nimeambiwa wewe unajua kuotesha nyasi."

Lukresia akajifuta mikono kwenye kanga.

"Najua," alisema.

"Tena shule haina fungu."

"Mwalimu, sijauliza fungu. Nauliza maji mnapata wapi."

Kesho yake alfajiri alikuwa uwanjani peku, anatembea huku na huku kama mtu aliyepoteza sindano. Wanafunzi walimchungulia madirishani. Alipomaliza alisema ardhi lazima ivunjwe kwanza, na mawe yatoke yote, hata yale ambayo watu wameshayazoea. Mwenye trekta mmoja wa Qurus alilima uwanja siku mbili, akapewa uji na viazi na kuondoka akipiga honi. Wanafunzi waliokota mawe wiki tatu, darasa kwa darasa, wakayajenga kuwa ukuta mdogo upande wa korongo. Lukresia alipima usawa kwa mpira wa maji kama wanavyofanya mafundi ujenzi, akasambaza udongo ili katikati ya uwanja painuke kidogo sana, mvua ikinyesha maji yateremke kandokando. Josephati alikuja "kuangalia tu". Jioni ile ile akarudi nyumbani na matope mpaka kiunoni.

Mvua za kwanza za masika ziligonga mabati mwanzoni mwa Machi, na ndipo ule ukoka wa kuchekwa ulipoanza kuja. Lukresia aliuomba wakati mwafaka: watu walikuwa wanapalilia, na kila mtu alikuwa na lundo la adui pembeni ya shamba. Walikuja na punda, walikuja na toroli, walikuja na magunia nyuma ya bodaboda. Kikongwe mmoja aliyeishi peke yake alileta ukoka uliojaa kwenye kanga, akautua chini na kusema, "Mwanangu, huu umenitesa miaka thelathini. Uoteshe wewe, mimi nipumzike." Watu walicheka tena, lakini safari hii Lukresia alicheka nao. Aliposimama kuhesabu alipata magunia mia na kumi na tano. Hapo alilazimika kuzunguka nyuma ya choo cha walimu kwa dakika chache, akafuta uso kwa upande wa kanga yake. Hakuwahi kudhani kijiji kizima kinaweza kumletea mtu kitu.

Walipanda siku nne. Aliwaonyesha wanafunzi kukata vipando vya shubiri moja, kila kimoja na vifundo vitatu au vinne, kuvilaza kwenye mifereji, kuvifukia na kuacha ncha zichungulie, halafu kukanyaga kwa kisigino.

"Kanyageni," aliwahimiza. "Msiuonee huruma. Ukoka ukiachwa unaning'inia hewani unakufa. Unataka kushikishwa ardhi."

Juma moja baadaye mvua ilikata.

Haya hutokea masika. Watu walisema itarudi. Ikapita wiki, ikapita nyingine. Tangi la shule lilifika robo na Mwalimu Felista akasema maji yaliyobaki ni ya kupikia. Lukresia aliamka kabla ya jogoo, yeye na Josephati na punda wawili, wakachota kisimani na kumwagilia kwa vipande: leo goli la juu, kesho katikati, keshokutwa goli la chini. Vipando vilikuwa vimetoa vijani vidogo, lakini vingi vilikuwa vimeanza kunyauka, na udongo ulikuwa umejitenga navyo, ukiacha nafasi ndogo ya hewa pembeni ya kila shina. Lukresia aliiona nafasi ile na moyo ukamshuka. Ijumaa moja kulinyesha manyunyu, kiasi cha kulainisha ardhi tu. Akashukuru hata hayo.

Jumapili yake alikuwa kanisani. Misa ilikuwa imefika matangazo pale kijana wa bodaboda alipoingia na kofia ya pikipiki mkononi, akapita katikati ya viti, akamwinamia sikioni.

"Mama Sabina, kuna ng'ombe uwanjani."

"Wangapi?"

Kijana akasita. "Wengi."

Walikuwa arobaini na kitu. Nchi nzima ilikuwa imekauka, na mahali pekee palipokuwa na kijani chochote ni pale. Hakuna mtu aliyewaswaga kuingia. Walikuwa wamemtoroka mchungaji wao kwenye mteremko na kufuata harufu. Lukresia alipofika, wanafunzi wa bweni walikuwa wameshawafukuza na baadhi yao walikuwa wanalia. Uwanja mzima ulikuwa na alama za kwato, kila alama kama kikombe kilichodidimizwa kwenye udongo laini. Vijani vyote vilikuwa vimeliwa. Vipando vingine vilikuwa vimeng'olewa na kulala juu chini.

Nasieku alikuwa amesimama kwenye goli la juu, ameufunika uso kwa mikono yote miwili.

"Shikamoo, mama," alisema kwa sauti ya chini sana.

"Marahaba, mwanangu. Umeumia?"

Msichana akatikisa kichwa. "Ni wa baba," alisema. "Ng'ombe ni wa baba yangu."

Lukresia alikaa chini pale pale, na nguo yake ya kanisani.

Mwenyekiti wa kijiji alifika mchana na wazee wanne, wote wamekasirika. Walitaka Moloimet, baba yake Nasieku, aitwe mara moja na kutozwa. Moloimet alikuwa mfugaji aliyeshuka kutoka upande wa Ngorongoro miaka michache nyuma, akajenga boma chini ya mlima ili watoto wake wawe karibu na shule. Hakuwa mtu wa ugomvi, lakini watu walikuwa na hasira, na hasira ilikuwa imeshaanza kusema "hawa" na "wale".

"Mama Sabina, wewe ndiye mtaalamu," alisema mwenyekiti. "Tuambie hasara ni kiasi gani, tuandike."

Lukresia aliinuka ili apate cha kuandikisha. Alitembea uwanjani, akainama, akashika kipando kimoja kilichobaki kisiki ndani ya alama ya kwato, akakivuta.

Hakikuja.

Akavuta kingine. Nacho kikagoma. Akapiga magoti, akachimbua kwa kidole. Ile nafasi ya hewa haikuwepo. Ukwato ulikuwa umekigandamiza kipando kwenye udongo mbichi kuliko kisigino chochote cha mwanafunzi, na chini yake kulikuwa na unyevu. Akahamia alama nyingine, na nyingine. Palipong'olewa palikuwa pameng'olewa, hilo halikuwa na ubishi. Pengine robo ya uwanja ilikuwa imekwenda. Lakini sehemu iliyobaki ilikuwa imeshika.

"Mama Sabina?" mwenyekiti aliita.

"Msiandike kitu," alisema Lukresia bado akiwa amepiga magoti. "Nipeni wiki mbili."

"Na huyu bwana?"

"Na yeye mpeni wiki mbili."

Wazee walitazamana. Mmoja alinong'ona kwamba uchungu umemchanganya. Waliondoka bila kuandika.

Kesho yake asubuhi Moloimet alikuja mwenyewe, bila kuitwa. Lukresia alimwona tangu mbali akivuka korongo, shuka jekundu, fimbo begani. Alikuja peke yake. Alipofika ukingoni mwa uwanja hakuingia. Alisimama nje ya mstari, na mkono wake wa kulia ulikuwa umeshika konzi ya majani mabichi, ameyainua kidogo mbele yake. Lukresia alikuwa amefanya kazi na walinzi wa Kimaasai miaka mingi, alijua maana yake. Mtu anayekuja ameshika majani anaomba amani.

"Takwenya," alisalimia Moloimet.

"Iko," aliitikia Lukresia, kama alivyofundishwa na walinzi wale.

Moloimet alishangaa kidogo, kisha akatazama majani mkononi mwake, akatazama uwanja. "Haya sikuyatoa humu," alisema kwa haraka. "Usije ukadhani. Nimeyafuata kule juu msituni, kwenye chemchemi."

Lukresia alicheka. Hakukusudia, kicheko kilimtoka tu. Na Moloimet, baada ya kusita, akacheka pia, na jambo lililokuwa zito kati yao likapungua.

"Binti yangu amekataa kula," alisema. "Anasema nimemwaibisha mbele ya shule yake. Nimekuja na mtamba, yuko kule ng'ambo amefungwa. Ni wako."

"Baba Nasieku, mtamba mrudishe akazae. Mimi nikiwa na ng'ombe nitamlisha nini, uwanja?"

"Basi unataka nini?"

Lukresia alifikiri. "Nani kati yetu anajua kujenga boma la miiba?"

Moloimet akajigusa kifua kwa ncha ya fimbo.

"Nizungushie uwanja," alisema Lukresia. "Ng'ombe wako wasiingie, na wa wengine wasiingie. Na kama una samadi ya zamani, ile iliyooza ikawa kama unga, niletee."

"Samadi?" Moloimet alisema. "Samadi ninayo ya miaka minne. Hakuna aliyewahi kuniomba."

Aliporudi Jumatano, alirudi na wanaume tisa wa rika lake. Walikata matawi ya mgunga, wakayaburuta, wakayapanga mashina ndani na miiba nje, wakapiga kelele na kutaniana tangu asubuhi mpaka mchana, na ilipofika saa tisa uwanja wote ulikuwa umezungushiwa na mlango mmoja wa kuvuta. Wanawake wa Qurus walipika makande. Mzee yule aliyenong'ona kwamba Lukresia amechanganyikiwa alikuja kutazama, akaonekana amekaa na Moloimet wanakula sinia moja, wanajadili bei ya mbuzi mnadani.

Mvua ilirudi usiku wa siku hiyo, mvua ya kweli. Maji yalijaa kwenye alama za kwato, maelfu ya vikombe vidogo, yakazama ardhini polepole. Siku ya nane Josephati, ambaye sasa alikuwa akienda uwanjani kabla ya mke wake, alirudi nyumbani mbio. Alikuwa na miaka sitini na moja na hakuwa mtu wa kukimbia.

"Njoo uone!"

Kila alama ya kwato ilikuwa na kishungi cha kijani. Palipokanyagwa zaidi ndipo palipostawi zaidi. Sehemu ambazo ng'ombe hawakufika zilikuwa bado zinajivuta. Lukresia alisimama na mkono mdomoni. Baadaye aliposimulia alikiri kwamba hakuwa na uhakika hata chembe. Alipoomba wiki mbili alikuwa ameomba kwa sababu ya vipando vichache alivyovivuta na kwa sababu hakutaka kuandika hasara ya mtu siku ya Jumapili.

Walijaza mapengo kwa vipando vipya, wakatandaza samadi ya Moloimet iliyochekechwa, wakavingirisha pipa lililojaa mchanga kusawazisha mashimo. Ukoka ulitambaa. Mwezi wa tano alama za kwato hazikuonekana tena. Mwezi wa sita, pamoja na baridi na ukungu wa Karatu, wavulana walikata nyasi kwa fyekeo mara tatu, na Lukresia akawazuia watu wengine wote kukanyaga; alipita yeye tu, peku.

Mechi ya kwanza ilichezwa wiki ya mwisho ya Julai. Wageni walikuwa wasichana wa shule moja ya Mang'ola, waliopandishwa na lori la vitunguu lililokosa mzigo siku hiyo. Waliposhuka walisimama kwenye mlango wa miiba, wakatazama, na mmoja wao akauliza kama wavue viatu.

Lukresia aliketi kwenye ukuta wa mawe, kati ya Josephati na Moloimet. Hakuujua mpira vizuri. Aliangalia miguu, aliangalia nyasi zinavyoinama na kuinuka. Kipindi cha pili mshambuliaji wa Mang'ola alitoka peke yake upande wa kushoto, akapiga shuti la chini, kona ya mbali. Na Nasieku akaruka. Alijirusha mzima mzima, mikono mbele, akateleza juu ya ukoka kama samaki. Mpira ulimpita kwa kidole kimoja ukaingia wavuni.

Nasieku alibaki amelala kifudifudi. Mwalimu Felista alishaanza kukimbia. Halafu msichana akajigeuza, akatazama magoti yake, la kulia, la kushoto, akayapangusa. Hakukuwa na damu wala vumbi. Akaanza kucheka, mpira umo wavuni nyuma yake, na wenzake wakamwendea wanacheka pia, hata yule mfungaji.

Moloimet alisema kitu kwa Kimaa. Kisha akageuka kwa Lukresia.

"Ashe," alisema. "Ashe oleng."

Lukresia alitaka kumjibu kwamba yeye ndiye wa kushukuru. Kwamba mzee Vedasto angekuwepo angefurahi. Kwamba alidhani alichokijua kimekwisha kazi, na watu hawa, kwa magugu yao na ng'ombe wao, wamempa tena. Akamshika mkono tu, kwa mikono yake miwili, na Josephati pembeni akajifanya anatazama mpira.

Qurus walifungwa mbili kwa moja. Baada ya filimbi hakuna aliyetaka kuondoka. Wachezaji wa timu zote walijilaza katikati ya uwanja wakitazama mawingu, na lori la vitunguu likapiga honi mara nne. Mwalimu Felista alimwomba Lukresia aseme neno. Alisimama, akawatazama wote, akasema, "Asanteni sana. Sasa tokeni, nyasi zinataka kupumua."

Asubuhi iliyofuata, ukungu ukiwa haujainuka, alikuwa kwenye goli la chini na jembe dogo na ndoo ya vipando. Mbele ya goli, pale golikipa anaposimama na kurukaruka, ukoka ulikuwa umechubuka ukaacha udongo wazi, eneo la ukubwa wa mkeka. Alilitarajia hilo. Alivua viatu, akapiga magoti, akaanza kupanda.